Kusomea Uhusiano wa Binadamu na Maumbile: Tathmini ya Kozi Niliyoimaliza

Kozi za elimu ya mazingira si haba siku hizi, na nyingi kati yake hufuata njia moja: mwanafunzi hufundishwa mzunguko wa maji, mtandao wa chakula, uchafuzi wa hewa na mabadiliko ya tabianchi, kisha hukabidhiwa orodha ya mambo anayopaswa kuyafanya na anayopaswa kuyaacha. Kozi ninayoitathmini hapa imechukua njia nyingine. Inamwangalia kwanza binadamu mwenyewe: anahusiana vipi na ardhi, maji, mimea na wanyama waliomzunguka, uhusiano huo umejengwa na nini, na je, kumtoa mtu darasani na kumweka nje kunaweza kuubadilisha? Hutolewa kwa muhula mmoja. Mihadhara na usomaji hufanyika kwa njia ya intaneti, mazoezi ya nje kila mwanafunzi huyafanya mahali alipo, na karibu na mwisho huwapo safari ya pamoja ya kambini. Chuo sitakitaja, kwa kuwa huenda baadhi ya kasoro nitakazozieleza zimekwisha kurekebishwa, na pia kwa kuwa kozi za muundo huu hutolewa na vyuo vingi, hivyo msomaji ataweza kupima maneno haya dhidi ya ile anayoifikiria yeye.

Hukumu yangu naitoa mapema. Kwa mwalimu, kwa mlezi wa vijana na kwa yeyote anayewaongoza watu nje, kozi hii inastahili muda wake, hasa kwa sababu ya mihadhara yake ya historia na zoezi moja la uchunguzi ambalo nitalieleza kwa kirefu. Hata hivyo ina upofu mmoja mkubwa: inamwona binadamu zaidi kama mgeni anayeyatembelea maumbile kuliko kama mtu anayeishi kwayo, anayelima, anayevua, anayechota maji na kukata kuni.

Nianze na historia, ambayo ndiyo sehemu iliyofundishwa vizuri kuliko zote. Mhadhiri anaonyesha kwamba elimu ya nje, yaani ile inayofundishwa nje ya darasa, milimani, majini au porini, na elimu ya mazingira, ingawa vyuo vingi huziweka katika idara moja, zilianza kwa nia tofauti kabisa. Elimu ya nje ilikua kwa kiasi kikubwa kutokana na shauku ya kuwajenga vijana kimwili na kitabia. Mfano anaouchambua ni wa Kurt Hahn, mwalimu wa Kijerumani mwenye asili ya Kiyahudi aliyehamia Uingereza baada ya Wanazi kushika madaraka, akaanzisha shule ya Gordonstoun huko Scotland mwaka 1934, kisha mwaka 1941, kwa msaada wa mwenye meli Lawrence Holt, akaanzisha huko Aberdovey, Wales, shule ya kwanza ya Outward Bound, mtandao wa shule za mafunzo ya nje kwa vijana. Vita vilikuwa vimepamba moto, na Holt alikuwa na wasiwasi kwamba meli zinapozamishwa na adui, mabaharia vijana walikosa ule ustahimilivu uliowaokoa wenzao wenye umri mkubwa. Kwa mtazamo huo bahari na milima ilikuwa kiwanja cha mazoezi. Aliyetazamwa ni kijana, na mawimbi yalikuwa chombo cha kumpima.

Elimu ya mazingira ilitokana na hofu ya aina nyingine. Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira ya binadamu uliofanyika Stockholm mwaka 1972 ulipendekeza elimu hiyo ipewe nafasi yake. Warsha ya Belgrade mwaka 1975 ikatoa hati ya misingi. Na mwezi Oktoba 1977, katika mkutano wa serikali ulioandaliwa na UNESCO kwa kushirikiana na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, huko Tbilisi, Georgia, yakakubaliwa malengo ya aina tano ambayo mitaala mingi inayafuata hadi leo, yaani mwamko, maarifa, mitazamo, stadi na ushiriki. Hapa kilichotazamwa ni dunia iliyo hatarini, na mwanafunzi ndiye aliyetakiwa kubadilika kwa ajili yake.

Kuziweka historia hizi mbili pamoja kuna faida ya moja kwa moja kwa mtu anayefundisha. Katika kipindi kimoja mhadhiri alituonyesha mpango wa somo la kupanda mwamba kwa kamba, mpango uliopangwa kwa ustadi, wenye malengo ya kujiamini, kuaminiana na kushirikiana, kisha akauliza ni kitu gani katika mpango ule kingebadilika endapo mwamba ungeondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na ukuta wa saruji ndani ya ukumbi. Hakuna aliyeweza kutaja hata kimoja. Somo lile lilikuwa zuri kwa vijana, lakini halikuwa na neno lolote kuhusu mwamba, umri wake, mimea inayoshika katika nyufa zake, wala ndege wanaotaga humo na wanaofukuzwa na kelele za wapandaji. Tangu hapo kila zoezi tulilolibuni lilipitishwa katika swali lile la ukuta, na mengi yalianguka. Ningependa waalimu wengi zaidi wa michezo ya nje wakutane nalo.

Upande wa pili nao haukuachwa salama. Tulisoma makala ya Anja Kollmuss na Julian Agyeman ya mwaka 2002, ambayo ilikusanya nadharia zilizojaribu kueleza kwa nini watu wanaojua mengi kuhusu mazingira hawatendi kulingana na ujuzi wao. Dhana ya zamani ilikuwa nyepesi: mpe mtu maarifa, mtazamo wake utabadilika, na mtazamo ukibadilika matendo yatafuata. Makala yale yanaeleza jinsi dhana hiyo ilivyoshindwa, na jinsi mazoea, uchumi, miundombinu, hisia na mambo mengine mengi yanavyoingia kati ya kujua na kutenda. Kwa mtu aliyezoea kufundisha mazingira kwa mabango na takwimu, kipindi hiki kinachoma kidogo, na nadhani kimekusudiwa kuchoma.

Sasa zoezi lenyewe. Kila mwanafunzi huchagua mahali padogo pa nje anapoweza kufika kwa miguu, na hutakiwa kurudi hapo mara kwa mara muhula mzima, kwa saa tofauti na katika hali tofauti za hewa, akikaa bila simu na bila kitabu, kisha kuandika katika daftari lake. Si lazima mahali pawe pazuri. Maelekezo yanasema waziwazi kwamba kipande cha nyasi kando ya ukuta kinafaa sawa na ukingo wa mto. Katika majuma ya mwanzo ni marufuku kuandika jina la mmea au mdudu wowote. Mwanafunzi anaruhusiwa tu kueleza: kinachosogea na kinakoelekea, kinachosikika na kinatokea upande gani, udongo ulivyo unapoguswa, mwanga unavyohama. Majina na vitabu vya utambuzi huruhusiwa baadaye, pamoja na programu za simu kama iNaturalist, iliyoanzishwa mwaka 2008, ambapo picha ya kiumbe hutambuliwa kwa msaada wa kompyuta na watumiaji wengine, na kumbukumbu zake hutumiwa na watafiti wa bioanuwai.

Mpangilio huo una hekima. Aliyekwisha kuchora mara kadhaa namna jani linavyoshikana na kijiti, lina meno au halina, linameta au limefifia, hufika kwenye programu akiwa na maswali, na anaweza hata kuikatalia inapokosea. Aliyeanza na programu hupata jibu kabla ya kuangalia, na wenzangu wawili watatu walioivunja amri hii walikiri katika majadiliano kwamba madaftari yao yalijaa majina na kukosa habari. Kwa upande wangu, mahali nilipopachagua palikuwa kando ya mtaro wa maji ya mvua, chini ya mti mmoja wa wastani, na siku za kwanza zilinichosha kwa uchovu wa kutokuwa na la kuandika. Baadaye niligundua kwamba siafu walihamisha njia yao kila mvua iliponyesha na kuirudisha ardhi ilipokauka, kwamba upande wa mti uliokaribia ukuta ulipukutisha majani mapema kuliko ule mwingine, na kwamba mtaro wenyewe ulibeba mchanga na takataka za mtaa mzima uliokuwa juu yake, hivyo mtu angeweza kusoma shughuli za mtaa ule kwa kuangalia kilichokwama kwenye mizizi. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niuheshimu muundo wa kozi: bila kuambiwa, uchunguzi wa asili uligeuka kuwa uchunguzi wa watu.

Kasoro iko katika usahihishaji. Daftari hukusanywa na kurudishwa na maoni, na ubora wa maoni hutegemea mkufunzi uliyepangiwa. Mkufunzi wangu wa kwanza aliandika maswali pembeni mwa kurasa, mafupi na makali, yaliyonirudisha nje kuangalia upya. Aliyempokea alitia alama za vema na kuandika pongezi za jumla. Zoezi linalodai uvumilivu wa namna hii kutoka kwa mwanafunzi linadai uvumilivu huohuo kutoka kwa msahihishaji, na chuo kingefanya vyema kupunguza idadi ya wanafunzi kwa kila mkufunzi hata kama ada itapanda.

Sehemu ya saikolojia ina mchanganyiko wa mazuri na mabaya. Utafiti wa Roger Ulrich uliochapishwa mwaka 1984 katika jarida la Science umeelezwa kwa makini: alipitia kumbukumbu za wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania kati ya mwaka 1972 na 1981, akalinganisha wagonjwa 23 ambao madirisha yao yalielekea miti na wengine 23 walioangalia ukuta wa matofali, na kukuta kwamba wale wa kwanza walikaa wodini kwa muda mfupi zaidi na kutumia dawa chache zaidi kali za maumivu. Mhadhiri alisisitiza udogo wa kundi hilo na akatukumbusha kwamba mgonjwa yule hakufanya lolote na mti ila kuutazama. Vivyo hivyo kuhusu utafiti wa mwaka 2019 uliohusisha takriban watu 20,000 nchini Uingereza, ambao ulikuta kwamba waliotumia angalau dakika 120 kwa juma katika maeneo ya asili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kueleza kuwa wana afya njema na ustawi. Tulielezwa bila kuzungushwa kwamba uwiano wa namna hiyo hauthibitishi kipi kimesababisha kipi, kwa kuwa mwenye afya ndiye pia mwenye nguvu ya kutoka.

Cha kushangaza ni kwamba uangalifu huo uliwekwa kando kozi ilipojipima yenyewe. Mwanzoni mwa muhula tulijaza madodoso mawili ya kupima jinsi mtu anavyojiona kuwa karibu na maumbile. Moja ni lile la Wesley Schultz, lenye jozi saba za miduara, mmoja ukiwakilisha nafsi na mwingine maumbile, kuanzia ile iliyotengana kabisa hadi ile iliyofunikana, na mtu huchagua inayomfaa. La pili ni kipimo cha Mayer na Frantz cha mwaka 2004, chenye kauli 14 za kukubali au kukataa. Mwishoni tulijaza tena, na tukaonyeshwa kwa furaha kwamba wastani umepanda. Sasa, mtu aliyejiandikisha katika kozi ya uhusiano na maumbile, akasikiliza mihadhara yake muhula mzima na kujua fika ni jibu gani linalopendeza, atachagua miduara iliyotengana kwa sababu gani? Vipimo hivyo vina nafasi yake katika utafiti wenye kundi la kulinganishia. Kuvitumia kama cheti cha mafanikio ya kozi ni jambo ambalo mhadhiri yuleyule angelikosoa kama lingefanywa na mwanafunzi wake. Madaftari ya uchunguzi yangekuwa ushahidi bora mara nyingi: ukisoma kurasa za mwanzo na za mwisho za mtu mmoja, mabadiliko yanaonekana au hayaonekani.

Nimetaja upofu, na ni haki niueleze. Kozi ina kipindi kizuri kuhusu hifadhi za taifa, kinachosimulia jinsi Yellowstone ya Marekani ilivyotengwa mwaka 1872 na jinsi wenyeji asilia waliokuwa wakiitumia ardhi ile kwa vizazi vingi walivyoondolewa ili ibaki na sura ya mahali pasipoguswa na mtu. Ina kipindi kingine, cha kisasa zaidi, kuhusu mto Whanganui wa New Zealand, ambao kwa sheria ya mwaka 2017 ulitambuliwa kuwa na hadhi ya mtu mbele ya sheria, kutokana na madai ya muda mrefu ya Wamaori, wenyeji asilia wa nchi hiyo, kwamba mto huo ni mhenga wao na si mali. Vipindi hivyo viwili vilipaswa kuutikisa mtaala mzima. Badala yake vinasimama peke yao. Juma linalofuata tunarudishwa kwenye mapumziko msituni, kutembea milimani na kupiga kambi, kana kwamba mtu hukutana na ardhi siku za likizo tu.

Mfano ulio wazi zaidi uko katika mwaka uleule ambao kozi inauadhimisha. Tulitumia juma zima kwa azimio la Tbilisi la mwaka 1977. Mwaka huohuo Wangari Maathai alianzisha nchini Kenya kile kilichokuja kuwa Green Belt Movement, na wanawake wa vijijini wakaanza kuotesha miche kwa sababu walikosa kuni, maji yalikuwa yakikauka na udongo ukichukuliwa na mvua. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Wanawake wale walijifunza kuotesha mbegu, kutunza vitalu na kuhesabu miche iliyopona, na kupitia hayo wakafika kwenye maswali ya nani anamiliki ardhi na nani anaamua misitu ikatwe. Malengo yote matano ya Tbilisi yamo humo, tena kwa mpangilio wa kinyume, ushiriki ukitangulia mwamko. Katika usomaji wote wa kozi hakuna hata ukurasa mmoja kuhusu jambo hilo. Nilipouliza, nilijibiwa kwa upole kwamba hilo ni somo la maendeleo ya jamii. Jibu hilo ndilo upofu ninaousema. Mvuvi anayejua mkondo wa maji kwa rangi yake na mkulima anayechagua mbegu kwa kuukumbuka msimu uliopita wana uhusiano na maumbile ulio mzito kuliko wa mtalii, na uhusiano huo una madhara yake pia, kwa kuwa ni wao hao wanaoweza kuvua kupita kiasi au kuichosha ardhi. Kozi inayojiita ya uhusiano wa binadamu na maumbile haiwezi kuliacha hilo mlangoni.

Kuhusu safari ya kambini sina mengi. Usalama ulisimamiwa vizuri: ukadiriaji wa hatari uliandikwa na sisi wenyewe na kusahihishwa kabla ya kuondoka, huduma ya kwanza ilikuwapo, na wakufunzi walijua lini waghairi ratiba. Kanuni za kutoacha athari nyuma zilifundishwa kwa vitendo, kuanzia mahali pa kupiga hema hadi namna ya kushughulikia kinyesi mbali na maji. Ratiba yenyewe ilijaa mno. Baada ya kufundishwa muhula mzima thamani ya kukaa mahali pamoja, tulikimbizwa kutoka zoezi hadi zoezi, na kila zoezi likamalizikia katika mduara wa kutafakari kwa sauti, hata pale ambapo kila mtu alikuwa na njaa. Nadharia ya David Kolb ya mwaka 1984 kuhusu kujifunza kwa uzoefu, yenye hatua zake nne za kupitia jambo, kulitafakari, kuliundia dhana na kuijaribu dhana hiyo, ni nzuri, ila haisemi kwamba hatua zote nne lazima zikamilike kabla ya chakula cha mchana.

Mfumo wa intaneti ulifanya kazi bila usumbufu. Mihadhara hurekodiwa, maandishi yake hupatikana, na usomaji ni wa wastani, ingawa karibu wote unatoka Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Mtihani hakuna, alama hutokana na daftari, insha moja na mpango wa somo la nje ambao mwanafunzi anautetea mbele ya wenzake. Utetezi huo ulikuwa mgumu kwa namna inayofaa, kwani swali la ukuta wa saruji lilirudi na hakuna aliyelikwepa.

Anayetafuta cheti cha kuongoza wapanda milima au waogeleaji asijiandikishe, kwa maana stadi hizo hazifundishwi hapa kwa kiwango kinachotosha. Mwalimu wa darasani, mtumishi wa hifadhi anayeshughulika na wageni, na mtu wa shirika la mazingira aliyechoka kuona mabango yake hayabadilishi kitu watapata mengi. Kabla ya kulipa ada katika chuo chochote kinachotoa kozi ya aina hii, aombe kuona mambo matatu: orodha ya usomaji, ili ajue ni watu wa wapi wanaozungumza humo na kama wakulima na wavuvi wamo, daftari lililosahihishwa la mwanafunzi aliyetangulia, jina likiwa limefutwa, na idadi ya wanafunzi anaosimamia kila mkufunzi. Chuo changu kilinionyesha la kwanza tu, na hata hilo ni baada ya kuliuliza mara ya pili.